Si hewa nyepesi, ni jua: kupanda vilima vya Dodoma na watoto

Swali: "Shikamoo mwalimu. Tumehamia Dodoma mwezi wa tano tukitokea Dar es Salaam, mume wangu alihamishwa kikazi. Tuna watoto watatu, wa miaka 11, 8 na 4, na mama mkwe wangu wa miaka 63 anaishi nasi. Jumapili iliyopita baada ya ibada tuliamua kupanda Mlimwa. Tulianza kama saa tano. Hatukufika hata nusu, yule wa miaka minane akalalamika kichwa, akatapika, tukageuza. Jioni alikuwa anacheza kama kawaida. Baba yao anasema ni hewa nyepesi ya mlimani, wamezoea pwani. Je, ni kweli? Na kama tunataka tuwe tunapanda vilima kama familia, tuanzie wapi, saa ngapi, tubebe nini? Nyoka nao? Mama mkwe naye anataka kuja na sijui nimkatalie vipi." Mama wa watatu, Ilazo.

Marahaba mwanangu, na karibuni Dodoma.

Nianze na baba watoto, kwa heshima zake zote: hapana, si hewa nyepesi. Hapa mjini tuko kama mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari, na hata ukifika juu kabisa ya Mlimwa hujaongeza kimo cha kusumbua pafu la mtu. Ugonjwa wa mwinuko, ule unaowarudisha watu Kilimanjaro, huanza kuwagusa wengi wanapovuka kama mita 2,500. Mtoto wako hakuwa hata nusu ya kimo hicho. Kwa maelezo yako, kilichompata ni jua na kiu. (Kama kichwa kingeendelea mpaka usiku, au angekuwa na homa, ningekwambia usisome barua hii, nenda kapime malaria. Lakini mtoto aliyepoa kivulini, akanywa, na jioni akacheza mpira, huyo alipigwa na jua.)

Sasa nikueleze kwa nini hamkuliona likija, maana hapo ndipo watu wa pwani wanapokamatwa wote, si ninyi tu. Dar es Salaam ukitembea hatua mia, shati limeloa. Unajua unatoka jasho kwa sababu linakutiririka mgongoni, na ukijua unakunywa maji. Dodoma hewa ni kavu na upepo haukomi. Jasho linatoka vilevile, tena pengine zaidi, ila linakauka kabla hujaliona. Mtoto anakwambia "mama mimi sijachoka, hata sijatoka jasho", na wewe unamwamini kwa kuwa shingo yake ni kavu. Siku nyingine mkirudi tazama fulana yake nyeusi: utakuta michirizi myeupe kwapani na mgongoni. Ni chumvi iliyobaki baada ya jasho kuondoka na upepo.

Ongeza na hili: jiwe la Dodoma likipigwa na jua tangu asubuhi, saa tano linarudisha joto kama kikaango. Wewe kichwa chako kiko mita moja na nusu na zaidi kutoka kwenye jiwe. Cha mtoto wa miaka minne kiko mita moja tu. Mnatembea njia moja lakini hamko kwenye joto moja.

Kwa hiyo jibu langu kwa maswali yako yote linaanzia kwenye saa. Vilima vyetu ni vifupi, mtu yeyote mwenye afya atavipanda, lakini ukianza saa mbaya kifupi kitakushinda. Nimepandisha wanafunzi vilima hivi miaka mingi nikifundisha jiografia, na safari zote zilizoniharibikia zilikuwa na kosa lilelile moja: tulichelewa kuanza. Mara moja basi lilichelewa, tukaanza saa nne na nusu badala ya saa moja, nikajipa moyo kwamba "ni kilima kidogo tu". Binti mmoja wa kidato cha pili alikaa chini, akaacha kujibu maswali kwa mpangilio, akawa anatutazama tu. Tulimshusha kwa zamu, tukamlaza kivulini, tukamwagia maji mwili mzima, tukampepea kwa madaftari. Akarudi. Toka siku hiyo basi likichelewa, safari inahamia wiki ijayo, na wazazi wanaolalamika walalamike.

Mwezi huu wa Septemba jua la Dodoma linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Muwe mguuni mwa mlima wakati huo, watoto wameshakula uji na wameshakwenda chooni. Saa moja na nusu mko kwenye mawe ya katikati, saa mbili mko juu au mmeridhika na mlipofika, na ifikapo saa nne kila mtu ameshashuka na yuko kivulini. Ile saa nne msiijadili. Mkiwa hamjafika kileleni na saa mbili na nusu imegonga, geuzeni. Kilele hakiondoki. Kimekuwepo kabla ya Wagogo na kabla ya reli.

Jioni nako kunapandika, kuanzia kama saa kumi, ila mawe bado yana joto na giza la kwetu halina hodi: jua likizama kabla ya saa moja kasorobo usiku, dakika ishirini baadaye huoni unapokanyaga. Na watoto wanashuka taratibu kuliko walivyopanda. Mimi jioni naiacha kwa watu wazima.

Kuhusu miezi: mna wiki chache nzuri zimebaki. Kuanzia mwanzoni mwa Oktoba jua linapita juu ya utosi wetu kabisa, na linarudia hivyo mwanzoni mwa Machi. Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya joto kali hapa, mibuyu imebaki matawi matupu, kivuli hakuna. Mvua zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili. Wakati huo vilima vinapendeza kwa kijani, asubuhi ni ya mawingu, lakini jiwe likiloa ni sabuni, na alasiri radi zinatafuta kitu kilichosimama juu ya jiwe wazi. Mkisikia ngurumo, hata ya mbali, mnashuka, na msijifiche chini ya mti mmoja uliosimama peke yake. Makorongo nayo: yale ya mchanga mkavu mnayovuka kwa miguu hujaa kwa mvua iliyonyesha msiyoiona, huko juu. Miezi ninayoipenda mimi ni kuanzia Mei hadi Agosti. Asubuhi ya Julai nyuzi joto hushuka hadi kama 13 au 14, watoto wa Dar es Salaam wanadhani wako Ulaya, na midomo inapasuka kwa upepo. Koti saa kumi na mbili, koti kiunoni saa mbili. Paka mafuta midomoni.

Sasa mahali.

Msirudi Mlimwa kwanza. Si mlima mbaya, ndio huo wageni wanaouita Lion Rock, na mtu mzima asiye na haraka anaumaliza kwa kama dakika arobaini na tano. Na mji wote unauona umetandazwa chini yako. Lakini watoto wameshaujua kama mahali pa kutapika. Waanzisheni na jiwe jingine, dogo zaidi. Pembezoni mwa mji huu hukosi kilima cha mawe cha kupanda kwa dakika kumi na tano. Ulizeni kwa mwenyekiti wa mtaa kabla hamjakanyaga, kwa sababu vilima vingine vina minara ya simu, vingine vina ulinzi wa serikali, vingine ni shamba la mtu. Dodoma ni makao makuu, na kuna majengo ambayo kuyapiga picha kutoka juu ya kilima kutakuletea maswali marefu. Upande wa mashariki, vilima vya Chimwaga kilipojengwa Chuo Kikuu cha Dodoma mwaka 2007, barabara zimepanda mteremko wenyewe; mkiomba ruhusa getini, mtoto wa miaka minne na bibi yake wanaweza kutembea kilima bila kushika jiwe hata moja. Kwa safari ya kwanza ya familia nzima hiyo inatosha sana. Mkitoka hapo mara mbili tatu, ndipo Mlimwa, na safari hii mtafika.

Mnapokwenda Mlimwa, au kilima chochote karibu na mji, nendeni kundi. Familia mbili ni bora kuliko moja, na kijana mmoja wa mtaa ule anayejulikana kwa mjumbe ni bora kuliko familia ya tatu. Vibaka wapo kama mji wowote wenye watu zaidi ya laki saba. Simu moja inatosha kwenda juu, nyingine zibaki nyumbani, na mikufu pia. Mkikutana na wachunga mbuzi au akina mama wanaookota kuni, wafundisheni watoto kusema "Mbukwenyi!" kwanza, kabla ya kuomba njia. Ni salamu ya Kigogo, na nimeona mtu aliyekuwa amekunja uso akageuka kuwa kiongozi wetu wa bure kwa neno hilo moja tu.

Kuhusu mawe yenyewe uniruhusu nirefushe kidogo, maana ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu, na pia kwa sababu mtoto anayejua anachokanyaga haanguki ovyo.

Mawe ya Dodoma ni itale, granaiti kama vitabu vya shule vinavyoandika, na umri wake unapita miaka bilioni mbili. Yalikuwa uji wa moto uliopoa polepole chini kabisa ya ardhi. Udongo na miamba iliyokuwa juu yake ikaliwa na mvua na upepo kwa muda usiohesabika, mpaka jiwe likabaki uchi. Likiwa chini lilikuwa na nyufa za kukatana, kama matofali. Maji yakapenya kwenye nyufa. Pembe za tofali zinaliwa kutoka pande tatu, ubavu unaliwa kutoka upande mmoja, kwa hiyo pembe ndizo huisha kwanza, na tofali linakuwa duara. Ndiyo maana unaona jiwe kubwa kama nyumba limekaa juu ya jingine kama yai, na kila mtoto anauliza nani alilipandisha. Hakuna aliyelipandisha. Vilivyokuwa vimelizunguka ndivyo vimeondoka.

Halafu jiwe hilo bado linaambuka, ganda kwa ganda kama kitunguu. Hapo ndipo somo linapogeuka kuwa usalama. Kwenye bapa la jiwe, piga kwa kisigino kabla ya kuweka uzito. Likijibu kwa sauti nzito, ni jiwe zima. Likilia kama dumu tupu, ni ganda lililoachia, na mtoto asikae wala asiruke hapo. Wapeni wa miaka minane na kumi na mmoja kazi hiyo ya kugonga na kutangaza. Watapanda mlima mzima wakiwa na shughuli na hamtasikia "bado sana?" hata mara moja.

Kinachoangusha watu kwenye vilima hivi kwa kweli si mwinuko, ni changarawe. Itale likioza linatoa punje za mchanga mgumu, zinakaa juu ya jiwe laini kama shanga zilizomwagwa sakafuni. Kupanda hazikusumbui. Kushuka, unakanyaga, mguu unaondoka. Kwa hiyo viatu ni raba zenye soli ya meno iliyobaki, zilizofungwa kamba. Kandambili hapana, yeboyebo hapana. Nimeona wachungaji wakishuka na katambuga kwa mbio na sijui wanafanyaje, lakini wao wamezaliwa pale.

Kupanda, mtu mzima awe nyuma ya mtoto. Kushuka, mtu mzima atangulie, awe chini yake, ili mtoto akiteleza akukute wewe na asikute hewa. Mahali pa mwinuko mkali mtoto akae kitako na kushuka kwa makalio, suruali itachakaa, itashonwa. Yule wa miaka minne mnaweza kumbeba mgongoni kwa mbeleko akichoka mkiwa kwenye njia ya udongo, lakini si mabegani kamwe, na mkiwa kwenye jiwe mnamshusha na kumshika mkono. Mtu aliyebeba mtoto mgongoni haoni miguu yake vizuri akishuka, na akianguka wameanguka wawili. Na hakuna kurusha mawe kutoka juu. Chini kuna watu na mbuzi hata kama huwaoni.

Maji. Hesabu yangu ni ya chupa ya nusu lita, kwa sababu ndiyo kila mtu anayo nyumbani. Mtu mzima chupa moja kwa kila saa mnayotembea. Mtoto mkubwa karibu chupa nzima, mdogo nusu chupa. Kisha ongezeni chupa mbili ambazo hazina mwenyewe, hizo ni za kumwagia mtu kichwani au kuoshea kidonda, na mkirudi nazo zimejaa msijutie kuzibeba. Msingoje mtoto aseme ana kiu. Kila mnaposimama, mafunda matatu, na mnasimama kila dakika ishirini. Kabla ya kuondoka nyumbani wanywe kikombe. Kipimo cha uhakika ni mkojo: ukiwa mwepesi kama maji ya limao, sawa, ukiwa rangi ya chai ya rangi, mmechelewa. Bebeni na pakiti mbili za ORS za duka la dawa, kila moja ikorogwe kwa maji ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, si kwa kukisia.

Dalili za kugeuza ni hizi mlizoziona: kichwa, kichefuchefu, mtoto mchangamfu kuwa kimya ghafla. Akionyesha moja tu, kivulini, maji kwa mafunda, nguo zilegezwe, shingo na kwapa ziloweshwe, na safari imekwisha kwa siku hiyo hata akisema amepona. Akianza kuongea visivyoeleweka, au kuyumba kama mlevi, hiyo ni dharura: mpozeni kwa maji yote mliyo nayo papo hapo, ndipo mkimbilie hospitali. Namba 114 ni ya Zimamoto na Uokoaji, 112 ni ya polisi. Ziandikeni kwenye karatasi pia.

Chakula kisiwe biskuti kavu zinazoongeza kiu. Viazi vitamu vya kuchemsha, mayai na chumvi kidogo, karanga, machungwa. Zabibu mna bahati, mmehamia mji wenye misimu miwili ya mavuno kwa mwaka, na mmoja ndio huu unaomalizika Agosti na Septemba. Zabibu za baridi juu ya jiwe saa mbili asubuhi, hicho ndicho kilichowapandisha wanangu milima, si maneno yangu. Kofia ya pama ni bora kuliko kapelo, kwa sababu ya shingo na masikio. Filimbi moja kwa kila mtoto, shingoni, ya kupulizwa mara tatu akipotea na si kuchezea. Akipotea anakaa palepale chini ya mti wa kwanza anaouona, hatembei kututafuta; sisi ndio tunaotembea.

Nyoka wapo. Koboko, swila na kifutu, wote ni wa nchi hii, na nisingependa kukudanganya. Lakini katika miaka yangu yote ya kupandisha watoto nimeona nyoka mara chache, na kila mara alikuwa anaondoka. Wengi husikia mtikisiko wa miguu yenu kabla ninyi hamjawaona. Wa kuogopa ni kifutu, maana yeye hakimbii, analala palepale njiani akiamini hamumuoni. Kwa hiyo: mkono hauingii kwenye ufa ambao jicho halijaingia, mguu haukanyagi upande wa pili wa gogo bila kutazama, na jiwe halifunuliwi, kwani hata pasipo nyoka kuna nge. Akigongwa mtu, msikate, msinyonye, msifunge kamba ya kubana. Vueni viatu, pete na bangili za upande ule, kiungo kitulizwe kama kilichovunjika, abebwe bila kutembea, hospitali. Msipoteze muda kumsaka nyoka.

Mimi ninachokiogopa kuliko nyoka ni nyuki. Nyufa za mawe haya ndizo mizinga yao, na mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuchokoa ufa kwa fimbo kwa kutaka kumtoa pimbi. Hakutoka pimbi. Mkisikia mvumo usiojulikana unatoka wapi, simameni, tazameni, rudini mlikotoka kimyakimya. Wakishatoka, hakuna kupunga mikono: funika uso kwa nguo na kukimbia, mbali, mpaka kwenye gari au nyumba, mtu mzima akimbeba mdogo. Miiba ikwanguliwe kwa ukucha upesi. Na manukato ya Jumapili yabaki kanisani.

Kitu cha tatu watu hawakitaji: mnyaa. Ule mti wa vijiti vya kijani visivyo na majani, wenyeji wanauzungushia kama uzio. Watoto wanapenda kuvunja vijiti vyake. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni mateso, na unaweza kuliharibu jicho. Hapo zile chupa mbili zisizo na mwenyewe zinapata kazi: osheni jicho kwa maji mengi, muda mrefu, na muende hospitali siku hiyohiyo.

Pimbi wenyewe waangalieni kwa mbali. Wanatoka kuota jua mapema asubuhi kwenye ncha za mawe, wanene kama sungura wasio na masikio. Mwambie mkubwa wako kwamba miongoni mwa jamaa zake wa karibu ni tembo, kisha mwachie abishane na wewe mpaka nyumbani.

Mtakapokuwa mmezoea, tuseme baada ya miezi sita, kuna safari moja ambayo ningeifanya hata kama ingekuwa ya mwisho: Kolo, Kondoa. Ni kama kilomita 180 kaskazini, lami ya barabara ya Babati mpaka kijijini. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Kuna mapango na vivuli vya mawe zaidi ya 150 vyenye michoro kwenye miteremko ile inayotazama Bonde la Ufa. Mnasimama kwanza kwenye ofisi ya mambo ya kale Kolo, mnalipa kiingilio, mnapewa mwongozaji. Kutoka hapo ni njia ya vumbi na mchanga wa korongo, gari lililo chini halifai, halafu mnapanda kwa miguu, mwinuko mkali lakini mfupi, hadi Mongomi, kimojawapo cha vivuli hivyo vya mawe. Watu wembamba warefu waliochorwa kwa rangi nyekundu, twiga, tembo. Ile nyeupe iliyopakwa mara nyingi juu ya nyekundu ni ya baadaye. Mtoto wa miaka minane atakaa mbele ya ukuta ule kimya, jambo ambalo najua hujaliona siku nyingi.

Watoto hawagusi michoro. Na asitokee mtu wa kumwagia maji ili picha zionekane vizuri, kama watu walivyokuwa wakifanya zamani. Maji ndiyo yanayoziondoa. Tena Mongomi bado ni mahali pa tambiko kwa wenyeji. Mkikuta mabaki ya sadaka, mnapita kama mnavyopita mbele ya altare ya watu wengine.

Milima ya Kiboriani juu ya Mpwapwa ni mizuri pia, ya kijani na baridi kuliko yetu, lakini inataka mwenyeji na siku nzima, mwakani. Singida ina mawe kandokando ya maziwa yake ambayo watoto wanayapenda na hayana mwinuko wa kutisha, ni safari ya kulala. Hanang' iacheni mpaka huyu wa kumi na mmoja awe kijana. Huo una mita zaidi ya 3,400, na kule baba watoto akisema "hewa nyepesi" nitamuunga mkono.

Sasa mama mkwe, maana najua hilo ndilo lililokuandikisha barua.

Usimkatalie. Miaka 63 si kitu kwa mtu anayetembea kila siku kwenda sokoni, na kupanda kwenyewe hakutamshinda. Kinachowashinda wazee ni magoti wakati wa kushuka. Muulize mambo matatu ukiwa naye peke yenu, si mbele ya wajukuu: kama anatumia dawa za presha au sukari, kama goti humuuma akishuka ngazi, na kama amewahi kuhisi kifua kinabana akitembea. Kama jibu la tatu ni ndiyo, daktari kwanza. Dawa za presha nyingine hutoa maji mwilini, kwa hiyo amuulize daktari wake kuhusu siku za jua. La goti linatatuliwa na fimbo imara inayomfika kiunoni, na hatua fupi za ubavu kwenye mteremko.

Kisha mchagulieni jiwe. Kila kilima kina jiwe bapa la robo ya njia, lenye kivuli upande wa magharibi asubuhi. Apande mpaka hapo, aketi na chupa ya chai, kanga ya kukalia na mmoja wenu watu wazima, au yule mdogo akichoka. Wanaokwenda juu wanampungia, yeye anashika filimbi ya nne na saa ya mkononi, na ndiye mwenye mamlaka ya kuipuliza saa mbili na nusu. Baba watoto atakapotaka "dakika tano tu zaidi" huko juu, hatabishana na mke wake wala na mwalimu aliyesoma barua yake. Atabishana na mama yake.

Mwambie tu asije na kandambili.